Mchele mbovu wa Goma na swali la jirani ni nani

Juni 15, 2025 waumini walikusanyika Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, kushuhudia kijana wa Goma akitangazwa Mwenyeheri. Hakuwa padri wala mtawa. Floribert Bwana Chui Bin Kositi alikuwa mtumishi wa Ofisi ya Udhibiti ya Kongo (OCC), taasisi inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini humo, na kazi yake ilikuwa mpakani, pale Goma inapotazamana na Gisenyi ya Rwanda.

Kisa chake hakihitaji maelezo marefu kwa mtu anayeishi kwa kuvusha mizigo. Shehena ya mchele iliingia kutoka upande wa Rwanda ikiwa imeharibika. Akashinikizwa airuhusu ipite. Akaahidiwa fedha. Akakataa, kwa sababu mchele ule ungewadhuru watu ambao wengi wao asingewafahamu kamwe. Julai 7, 2007 alitekwa nyara, na baadaye mwili wake ukakutwa ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Ibada ile ingependeza zaidi kufanyika nyumbani kwao. Lakini tangu mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na Februari Bukavu nayo ikafuata. Siku 12 baada ya ibada ya Roma, Juni 27, mawaziri wa mambo ya nje wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano ya amani mjini Washington.

Matukio hayo mawili, moja la dini na jingine la siasa, yanagusa swali lilelile: mtu wa upande wa pili wa mpaka ni nani kwangu? Kwa mfanyabiashara, jibu la swali hilo huonekana kwenye saa za kufunguliwa kwa geti, kwenye namna anavyoulizwa jina lake na afisa, na kwenye bei ya mzigo utakapofika sokoni.

Swali la mwanasheria

Mafundisho ya Kikristo kuhusu kumpenda jirani yanajulikana hata kwa wasio Wakristo. Yasiyokumbukwa sana ni mazingira ya swali lenyewe. Katika Injili ya Luka, sura ya 10, anayeuliza jirani ni nani ni mtaalamu wa sheria. Alitaka mpaka uchorwe: nani yumo kwenye orodha ya wale ninaopaswa kuwapenda, na nani hayumo.

Jibu alilopewa ni hadithi ya barabarani. Msafiri aliyekuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko alivamiwa na majambazi, akaporwa na kuachwa karibu na kufa. Kuhani akapita, Mlawi akapita. Aliyesimama ni Msamaria, mtu wa jamii iliyokuwa na uhasama wa muda mrefu na Wayahudi, kila upande ukiona ibada ya mwenzake ni batili. Alimfunga majeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi yake akamlipa mwenye nyumba dinari mbili na kuahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi ataifidia atakaporudi.

Orodha iliyoombwa haikutolewa. Badala yake swali liligeuzwa: katika wale watatu, nani alikuwa jirani wa yule majeruhi? Kwa hiyo ujirani haukuwa tena suala la asili ya mtu, bali la kile anachokitenda akimkuta mwenzake njiani.

Fundisho hilo halikubaki ndani ya kuta za kanisa. Februari 4, 2019 Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayyeb, walitia saini mjini Abu Dhabi hati kuhusu udugu wa binadamu. Mwaka uliofuata Papa alitoa waraka wa Fratelli Tutti, ambao sura yake ya pili yote inahusu hadithi ya Msamaria. Kwa wafanyabiashara Waislamu wa ukanda huu, ambao dini yao nayo inasisitiza haki ya jirani, hapo hapakuwa na jambo geni.

Mzigo na mwenye mzigo

Kisa cha Bwana Chui kinaongeza jambo ambalo mahubiri mengi ya uvumilivu hulipita haraka. Kumpenda jirani hakukumfanya aachie kila kitu kipite. Alikataa, na kukataa kwake kulikuwa ndiyo njia yake ya kumpenda mlaji. Wakati huohuo, alichokizuia ni mchele. Hakuzuia taifa lililoko upande ambako mchele ulitoka.

Tofauti hiyo ndiyo inayopotea mara kwa mara katika mipaka ya Afrika Mashariki na Maziwa Makuu. Mfano ulio wazi ni wa mahindi. Machi 5, 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi yote kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Hatari ya sumukuvu ni ya kweli, inaua. Lakini agizo lile halikutenganisha gunia lililopimwa na lisilopimwa. Mahindi mazuri yalikwama pamoja na mabaya, na mjadala ukahama haraka kutoka kwenye vipimo hadi kwenye nani anamchukia nani.

Ndani ya siku chache marufuku iliondolewa na kuwekwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango kinachoruhusiwa. Masharti hayo yana gharama, na wachuuzi wadogo huyaona mazito. Hata hivyo yanaupima mzigo, hayampimi mwenye mzigo kwa uraia wake. Ukaguzi wa namna hiyo mfanyabiashara mwaminifu anaweza kuufuata na kuushinda. Chuki dhidi ya nchi aliyotoka haina cheti cha kuiondoa.

Geti linapofungwa

Yako maamuzi mengine ambayo hayahusu ubora wa bidhaa hata kidogo. Juni 17, 2022 askari wa Kongo alivuka mpaka wa Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi, akifyatua risasi, na akauawa upande wa Rwanda. Mamlaka za Goma ziliamua mpaka ufungwe saa 9 alasiri. Kwa lori kubwa lenye nyaraka kamili, hilo ni usumbufu. Kwa mama anayevuka na beseni la nyanya asubuhi na kutegemea wateja wa jioni, ni nusu ya siku yake ya kazi imekatwa.

Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Kabla ya hapo, Desemba 22, 2023, watu waliuawa huko Vugizo karibu na mpaka wa Kongo, katika shambulio ambalo kundi la RED-Tabara lilisema ndilo lililolifanya. Burundi iliituhumu Rwanda kulisaidia kundi hilo, Rwanda ilikanusha. Mwenye mzigo wa kutoka Bujumbura kwenda Kigali akabaki na njia ya kuzungukia Tanzania, kwa kuvuka Kobero na Kabanga, kisha Rusumo.

Serikali zina wajibu wa kulinda usalama wa watu wake, na hakuna fundisho la Injili linalozikataza. Tatizo huanza pale hofu ya kundi lenye silaha inapohamishiwa kwa kila anayezungumza lugha fulani au mwenye sura fulani. Katika mashariki ya Kongo, Watutsi na Wanyamulenge wengi wamejikuta wakitazamwa kama wageni au majasusi katika nchi waliyozaliwa, huku raia wengine wa Kivu wakiuawa na kufukuzwa makwao na makundi yenye silaha, M23 likiwemo. Kila upande una majeruhi wake barabarani, na kila upande una wapita njia wake.

Nyange, pande mbili

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba dawa ni mahubiri zaidi. Historia ya ukanda huu hairuhusu hitimisho hilo. Mwaka 1994 Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo wengi, na fundisho la jirani lilikuwa likisomwa kila mwaka makanisani. Katika parokia ya Nyange, magharibi ya nchi hiyo, yapata Watutsi 1,500 waliokimbilia kanisani waliuawa kwa jengo kubomolewa juu yao kwa tingatinga. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, mwaka 2008. Maaskofu wa Rwanda waliomba radhi mwaka 2016 kwa Wakristo walioshiriki mauaji, na Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na waumini wake.

Lakini ni Nyange hiyohiyo ambako, Machi 18, 1997, washambuliaji waliingia katika shule ya sekondari na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Walikataa, na baadhi yao wakauawa. Leo Rwanda inawatambua kama mashujaa wa taifa. Wiki sita baadaye, Aprili 30, 1997, agizo kama hilo lilitolewa katika seminari ya Buta, kusini mwa Burundi. Waseminari 40 walikufa kwa kukataa kutengana.

Mahubiri waliyoyasikia wote hao yalikuwa yaleyale. Kilichotofautiana ni kama palikuwa na mtu aliyekuwa tayari kuyalipia gharama siku ilipofika. Hapo ndipo kijana wa OCC anaposimama pamoja na wanafunzi wa Nyange na Buta.

Makanisa yanafanya nini sasa

Makanisa yana nyenzo moja ambayo serikali hazina: yanavuka mipaka bila kuomba viza. Muungano wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Kati, ACEAC, unawaunganisha maaskofu wa Kongo, Rwanda na Burundi, hata nyakati ambazo marais wa nchi hizo hawazungumzi.

Januari 2025 Baraza la Maaskofu la Kongo (CENCO) na Kanisa la Kristo nchini Kongo (ECC), linalounganisha Waprotestanti, walizindua mpango wa pamoja wa mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani ya Kongo na Maziwa Makuu. Februari ujumbe wao ulikwenda Goma kuzungumza na viongozi wa AFC/M23, kisha Kigali kumwona Rais Paul Kagame. Jijini Kinshasa wapo waliowakosoa, wakiona kwamba kuzungumza na adui ni kumpa uhalali.

Ukosoaji huo haupaswi kudharauliwa. Kwa familia iliyopoteza mtu au nyumba, kuona askofu ameketi na wenye bunduki kunauma. Ila kama jirani ni yule tu ambaye tayari tunaelewana naye, basi hakuna kazi iliyobaki ya kufanywa. Kipimo cha haki kwa ujumbe kama huo ni kile kilichowapima maofisa wa mpakani: je, wanazungumza na mtu bila kuruhusu uovu wake upite? Amani inayofumbia macho mauaji ni shehena nyingine ya mchele mbovu.

Mali kauli

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, ina zana zake za ujirani. Protokali ya Soko la Pamoja imekuwa ikifanya kazi tangu Julai 1, 2010. Kwa mzigo wa bidhaa zinazostahili usiozidi thamani ya dola 2,000, mchuuzi anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha. Karatasi hizo ni muhimu, na kila mfanyabiashara anafaa kuzijua na kuzidai.

Hata hivyo, nyingi ya biashara za mpakani haziendeshwi kwa karatasi. Zinaendeshwa kwa mali kauli: chukua mzigo leo, uza, uniletee fedha Jumamosi. Anayetoa mzigo yuko nchi moja na anayeupokea yuko nchi nyingine. Hakuna mahakama ya haraka itakayomrudishia fedha zake mwenye mali, na geti likifungwa kwa amri ya usiku mmoja, deni linabaki upande wa pili pamoja na aliyelikopa. Kinachoshikilia biashara hiyo ni kuaminiana kwa watu ambao siasa inawaambia wasiaminiane.

Katika hadithi ya Yeriko yuko mtu ambaye wahubiri humtaja mara chache: mwenye nyumba ya wageni. Alipokea dinari mbili na neno la Msamaria kwamba salio atalipa akirudi. Hakudai dhamana, wala hakusema kwamba mtu wa jamii ile haaminiki. Akambakiza mgonjwa na kuendelea kumhudumia. Injili haisemi kama Msamaria alirudi kulipa. Kila mwenye deni upande wa pili wa mpaka wa Goma, Kobero au Busia anajua kwamba sehemu hiyo ya hadithi imeachwa mikononi mwake.