Moyo Umetulia, Lakini Kichwa Je?

Wako watu wanaosema hivi: «Mtu akimeza vidonge vya kufukuza usingizi, na moyo wake ukaenda mbio, mpe kidonge cha mgonjwa wa moyo, atatulia.» Mimi sikubali. Sikiliza sababu.

Dawa ya moyo wanayoisema ni propranololi. Mganga James Black, mtu wa Scotland, aliitengeneza pamoja na wenzake katika miaka ya 1960, akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1988. Ni dawa njema. Katika moyo mna milango midogo sana. Adrenalini ikiifikia, moyo hupiga mbio. Propranololi huifunga milango ile, na mapigo hupungua.

Sasa mtazame panya. Wenye elimu humweka ndani ya kizimba cha chuma, humpiga sindano ya amfetamini, nayo ni dawa ya kufukuza usingizi. Kwanza hukimbia huku na huku. Kipimo kikiongezwa, huacha kukimbia. Hubaki mahali pamoja akinusa, akitikisa kichwa, akiguguna vyuma vya kizimba bila kuchoka. (Ukimwona utamhurumia.) Je, akipewa propranololi ataacha? Moyo wake, ndiyo, waweza kupunguza mbio. Lakini kuguguna kule huwezi kukutumainia kuzimika, maana hakutoki moyoni. Kunatoka katika ubongo, ambamo amfetamini imemwaga dopamini nyingi. Mlango wa dopamini si mlango wa adrenalini. Dawa inayoufunga ni nyingine, kama haloperidoli. Tena propranololi ikiwa nyingi mno, panya aweza kulegea. Lakini panya aliyelegea si panya aliyepona.

Basi wewe unayeshika mkono wa kijana wako na kuhesabu mapigo, usiseme «amepona» kwa kuwa mapigo yamepungua. Kichwa chake je? Analala? Anajua jina lako? Mlete hospitali upesi, na kidonge alichomeza ukilete pia, hata kama imebaki karatasi yake tu. Usimgawie vidonge vya nyanya yake. Kijana mwenye pumu akimeza propranololi, pumzi yake yaweza kufungwa. Na nyanya mwenyewe akikosa dawa yake kwa ghafula, moyo wake waweza kuharibika kabla ya siku ya kurudi kwa mganga.