Ukurasa wa Nyumbani: Usiku Mmoja Juu ya Nyiragongo



Wiki jana, tulipokuwa tunagawa pesa za likelemba, binti mmoja alituuliza kama ni kweli wamama watano wa chama hiki waliwahi kulala juu ya volkano. Ni kweli. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 2017. Kwa kuwa wengi wenu mmeingia chamani baadaye, leo tunaieleza.

Wazo lilikuwa la mama mzee wetu wa Murara. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma. Ukachukua nyumba yake, cherehani yake, na mlango wa chuma ambao bado alikuwa analipa deni lake. Alikimbilia Gisenyi na watoto wanne, akafika na watatu. Wa nne alipatikana siku ya tatu, kwa watu wasiomjua, akiwa mzima. Tangu hapo mama mzee alikuwa akisema: “Ile kitu iliingia kwangu bila kupiga hodi. Na mimi nitaenda kwake.” Tulimcheka miaka mingi, halafu tukaanza kuweka pesa kidogo kidogo.

Safari ilianzia Kibati, kwenye barabara ya Rutshuru. Tuliondoka saa nne asubuhi, magardi wenye bunduki mbele na nyuma, wabebaji wamechukua maji, makala na chakula. Mwanzoni ni pori la kivuli, mtu anaweza hata kupiga masimulizi. Kisha unaingia kwenye mawe ya 2002, mawe yale yale meusi tunayojengea kuta zetu mjini, ila huku hayajapangwa na mtu. Yanageuka chini ya mguu. Mwenzetu mmoja, hatutamtaja maana anasoma ukurasa huu, alikuja na viatu vyake vya siku ya Mungu. Soli ya kwanza ilibaki njiani kabla ya saa sita. Mbebaji mmoja akaifunga kwa kamba ya mfuko wa makala, na ndivyo alivyofika juu.

Njiani kuna mahali mvuke unatoka kwenye ufa wa mawe. Mama mzee alisimama, akaweka kiganja juu yake, hakusema kitu. Tukamwacha.

Kilomita nane si nyingi kwa mwanamke anayetoka shambani na mzigo, lakini hizi zinapanda tu. Mwishoni ni mawe matupu na upepo, na baridi ambayo Goma hatuijui. Kilele kina mita 3,470. Pale ukingoni kulikuwa na vijumba vidogo, paa lake likishuka karibu hadi chini, kila kimoja cha watu wawili, chenye godoro na mfuko wa kulalia. Hakukuwa na umeme wala bomba. Choo kilikuwa chini kidogo, na kukifikia usiku ilikuwa safari nyingine. Lakini ukishavua nguo zenye jasho, ukavaa soksi kavu, ukafunga mlango upepo ubaki nje, kile kijumba ni raha kuliko hoteli.

Tulikuta wageni wawili kutoka Uswisi. Walituambia kwamba kwao nyumba za milimani ni kazi ya msimu wa baridi: watu wanakula supu pamoja, wanaanika soksi karibu na moto, asubuhi wanatoka kuteleza juu ya theluji na mbao mbili miguuni. Mmoja wetu akauliza: “Na mkianguka?” Wakacheka, wakasema wanaanguka kila siku na wanalipa kwa ajili hiyo. Tuliwapa sombe na sambaza, wao wakatupa chokoleti. Walikula sombe mara mbili.

Jambo moja tulilazimika kulikataza kwa sauti. Kwa ajili ya baridi, wawili wetu walitaka kuingiza mbabula ndani ya kijumba walale nayo. Wamama, hapana, wala mlimani wala nyumbani. Moshi wa makala usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Tuliota moto nje, tukaingia, tukalala tumebanana kama watoto.

Kabla ya kulala tulikwenda ukingoni. Shimo ni kubwa, zaidi ya kilomita moja toka upande hadi upande, na chini kabisa lilikuwepo ziwa la moto. Lilikuwa likipasuka, likijifunga, likipasuka tena. Sauti yake ilikuwa kama Ziwa Kivu siku ya upepo. Mama mzee aliketi pale muda mrefu, kitenge kichwani. Mwishoni alisema: “Haina hasira na mtu. Haitujui hata.” Kisha akauliza swali lililotunyima usingizi: siku ikishuka tena, watoto wetu wanajua watukute wapi?

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu. Usiku ule, ndani ya vijumba vile, tulipanga: kila nyumba ichague mahali pamoja pa kukutania, nje ya mji, na jirani awajue, na kila mtoto mdogo awe na kitambaa kilichoshonwa ndani ya nguo, chenye jina lake, la mama, na namba ya simu. Tuliporudi tulishona vitambaa hivyo kila alasiri ya mkutano, hata waliotucheka wakaja kushona.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu ikawa nyekundu. Mnakumbuka. Moto ulifika Buhene, mwenzetu mmoja akapoteza nyumba huko. Watoto wengi wa mji walipotezana na wazazi wao usiku ule. Wa kwetu wawili walipotea pia, na mmoja alirudishwa kesho yake na mtu wa Sake aliyesoma kitambaa. Wa pili, wa miaka tisa, alitembea mwenyewe na mdogo wake mgongoni hadi mahali tulipopanga. Alimkuta mama mzee ameshafika, ameketi juu ya mfuko wake, sufuria mbele yake, anahesabu watu.