Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Haponi Hivihivi

Tangu Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipopewa uenyeji wa AFCON 2027, kila kijiwe cha Dar es Salaam kina mhasibu wake. Mwenye nyumba Temeke anapiga hesabu ya vyumba kwa dola. Dereva wa bajaji keshagawa abiria ambao hata tiketi hawajakata. Viongozi nao, wakishika kipaza sauti, neno ni moja: fursa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali ni tamu, ila haikutungwa kwa ajili ya mashindano yanayoendeshwa kwa mkataba.

Tuanze na hao wageni. Tunaamini wa mpira watakuja juu ya wale tuliowazoea. Waulizeni London. Wakati wa Olimpiki ya 2012, sauti ya Meya Boris Johnson ilisikika hadi kwenye stesheni za treni ikionya juu ya msongamano. Wakazi walioweza wakafanyia kazi nyumbani, na watalii wa kawaida wakalikwepa jiji. Takwimu za serikali zikaonyesha kuwa Agosti ile wageni kutoka nje walioingia Uingereza walipungua kwa asilimia 5 kuliko Agosti ya 2011. Waliokuja walitumia fedha nyingi, hilo silikatai. Lakini wenye maduka ya katikati ya jiji na madereva wa teksi walibaki wakilalamika kuwa biashara imedorora.

Fedha ilikuwepo, basi, ila haikupita kwao. Na kwetu itapita wapi? Nenda Uwanja wa Mkapa siku ya watani wa jadi. Muuza jezi kabeba nyekundu bega hili, kijani na njano bega lile, maana biashara haina timu. Pembeni mama anageuza mihogo kwenye jiko la mkaa, kachumbari na pilipili ziko tayari. Hao ndio wanaokula mpira kila msimu bila kungoja mgeni yeyote. Mashindano makubwa huja na eneo la wafadhili, ambamo kinachouzwa ni bidhaa za waliolipia haki hiyo. Uzio ukisogezwa mita mia chache tu, yule mama na jiko lake wako upande usio na wateja.

Afrika Kusini walishayaona. Kwa Kombe la Dunia la 2010, miji wenyeji ilipitisha sheria ndogo maalumu kwa matakwa ya FIFA, na wachuuzi wakaondolewa kando ya viwanja. Durban, Soko la Asubuhi la Warwick, lililofunguliwa 1910, mwaka 2009 lilikuwa libomolewe kupisha jengo la maduka ya kisasa, Kombe la Dunia likiwa mojawapo ya sababu za haraka hiyo. Wauza mboga waligoma kuondoka na kesi ikafika mahakamani. Soko likapona. Halikuponywa na mgeni.

Brazili nako, wanawake wa Salvador wanaouza acarajé, yaani bagia za kunde zinazokaangwa kwa mawese, waliambiwa hawana nafasi kwenye uwanja wa Fonte Nova. Wakaandamana, wakakusanya saini, hadi wakaruhusiwa kuuza wakati wa Kombe la Dunia la 2014. Walichokipata walikidai mapema, kikaingia kwenye makubaliano.

Sisemi AFCON isije. Ije, tushangilie, na kombe libaki hapa. Ninachokipinga ni imani kwamba neema humfuata mgeni kama kivuli chake. Neema hufuata vibali, na vibali hutolewa mezani, mbali na kelele za mashabiki. Anayemwambia mchuuzi "subiri, watu watakuja" anamlaza usingizi wakati wenzake wanagawana maeneo.

Kwa hiyo halmashauri zenye viwanja zitujibu sasa. Uzio wa wafadhili utapita wapi? Vibali vingapi vitakwenda kwa machinga na mama lishe wanaouza pale leo, na kwa ada ya shilingi ngapi? Majibu yakingoja hadi mwezi wa mashindano, yataletwa na mgambo.