Maji ya Rejeta Hayaliwi



Miongoni mwa mambo yanayowafilisi watu wetu kimya kimya ni tone la maji linalovuja katika injini ya dizeli. Huenda msomaji akastaajabu kuona ukurasa huu, uliozoea mambo ya siasa, leo ukishughulika na rejeta na mipira yake. Lakini gari la shamba, lori, mashine ya kusaga na jenereta ya duka ni riziki ya watu. Sisi tulioyaona majira ya giza ya Unguja, tangu Disemba 2009 hata Machi 2010, na wenzetu wa Pemba waliokuwa wakipata umeme kwa mashine za dizeli za Wesha kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010, hatuhitaji kufundishwa thamani ya injini iliyo nzima.

Mwenye kuandika maneno haya aliweka duka miaka kadhaa mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliokatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Alikwenda huko kutafuta, kama walivyokwenda wengi wa watu wa visiwa hivi. Simiyu ni nchi ya pamba. Msimu ukifunguliwa, malori huingia vijijini Itilima, Maswa na Meatu kuchukua pamba na kuipeleka vinuni, na mwenye lori huvuna katika miezi michache riziki ya mwaka mzima. Nasi, kwa shirika na ndugu mmoja wa huko, tulikuwa na lori letu moja la zamani.

Asubuhi moja utingo wetu, kijana wa Kisukuma, alinijia dukani akasema: "Shikamoo, tajiri. Rejeta inapungua maji. Jana nimetia lita moja, na leo nimetia tena. Nimetazama chini ya gari, sikuona kitu."

Nikamjibu: "Marahaba, kijana wangu. Maji hayana bei. Tia, mwende zenu."

Alikuja tena siku ya tatu, nikamjibu vile vile. Baada ya hapo hakuja tena, kwani mtu asiyesikilizwa huchoka kusema. Siku ya kumi lori likafa katika njia ya Lamadi, limejaa pamba. Fundi alipoifungua injini alikuta gasketi imeungua, hedi imepinda, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na beringi zimelika. Na asili ya yote hayo ilikuwa ni mpira mmoja uliochanika kidogo chini ya kibano chake. Maji yalitoka tone kwa tone yakiangukia chuma cha moto, yakakauka kabla ya kufika chini, yakaacha alama nyeupe tu. Mpira ule bei yake haifiki bei ya kilo chache za sukari. Matengenezo yake yalizidi mali yote iliyokuwamo dukani mwangu, na msimu ukapita lori liko juu ya mawe.

Sasa natueleze namna jambo dogo linavyozaa kubwa. Injini ya dizeli haina cheche. Huubana upepo mpaka ukawa wa moto kiasi cha kuwasha mafuta. Moto ulio ndani ya silinda huweza kupita nyuzi 1,500, na takriban theluthi ya joto lote la mafuta huchukuliwa na maji ya rejeta. Maji hayo yakizidiwa, chuma hakina mlinzi mwingine.

Tena maji hayo hukaa chini ya mbano. Kile kifuniko cha rejeta si cha kuzuia vumbi tu; kazi yake ni kuyabana maji ili yasichemke upesi. Hapa pwani maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100. Bariadi iko juu kuliko Ziwa Victoria, na ziwa lenyewe limeinuka juu ya usawa wa bahari mita 1,134. Kwa hiyo huko maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Tundu dogo, basi, huiba mara mbili: huiba maji, na huiba mbano. Maji yaliyosalia huchemka mapema, mvuke ukajikusanya katika hedi, mahali penye moto mkubwa kuliko pote; na mvuke hauwezi kubeba joto kama maji. Hapo hedi hupinda, na gasketi ikaungua.

Gasketi ikiungua, maji hupata njia ya kuingia katika oili. Oili yenye maji haina utelezi, na ile dawa ya rejeta ikichanganyika na oili ya moto hugeuka tindikali inayokula beringi, hata injini ikanoki. Maji yakijaa juu ya pistoni ni balaa zaidi, kwani maji hayabaniki kama upepo, na mkono wa pistoni huweza kupinda kwa pigo moja.

Na dereva asijidanganye kwa mshale wa joto. Kipimo kile husema kweli kikiwa kimezama ndani ya maji. Maji yakishuka chini yake, mshale huweza kuonesha baridi ilhali injini inaungua. Dereva wetu aliuona mshale ukishuka, akafurahi.

Kosa langu la pili lilikuwa yale maneno kwamba maji hayana bei. Kila lita ya maji matupu huipunguza nguvu dawa ya kulanti inayozuia kutu. Maji ya visima vingi vya Simiyu yana chumvi, kama yalivyo ya baadhi ya visima vyetu vya pwani, na chumvi hiyo huganda katika njia za maji. Aidha, katika injini kubwa laina za silinda hutikisika, zikafanya mapovu yanayopasuka na kuichimba laina vishimo vidogo vidogo mpaka maji yakapenya ndani. Dawa hiyo ndiyo kinga yake.

Mimi ni mtu wa duka. Kopo la sukari likipungua ilhali daftari halioneshi mauzo, silijazi nikanyamaza. Nauliza sukari imekwenda wapi. Basi kwa nini sikuuliza habari ya maji? Mafuta huliwa, na oili huliwa kidogo. Maji ya rejeta hayaliwi. Chombo kile kimefungwa, na kila kikombe kinachotiwa ni deni lisiloandikwa.

Kwa hiyo tunawausia wenye vyombo mambo haya. Tazama maji kila asubuhi, injini ikiwa baridi, wala usifungue kifuniko cha rejeta ya moto, kwani wengi wameungua nyuso. Ukitia maji, andika tarehe na kiasi. Ukitia mara ya pili, chombo kisitoke mpaka fundi akipime kwa mbano na tundu lionekane. Chomoa kijiti cha oili ukitazame rangi yake. Moshi mweupe usiokoma, harufu tamu, alama nyeupe au ya kijani kwenye mipira, hizo zote ni barua za injini kwako. Joto likipanda, simama, zima, ngoja. Usimwagie maji baridi chuma cha moto, kitapasuka. Na kulanti iwekwe mbali na watoto, kwani ni tamu nayo ni sumu.

Wako watakaosema ajali haina kinga. Ajali haina kinga kweli, lakini lori letu halikufa kwa ajali. Lilikuwa na siku kumi za kuokolewa, na mwenye kulinda alikwisha kutoa khabari. Aliyeharibu ni tajiri aliyekuwa nyuma ya meza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ufa aghlabu huonwa kwanza na mdogo, na mkubwa ndiye anayekataa kwenda kuutazama. Mwenye lori, mwenye mashua, mwenye dhamana yoyote ya watu, leo jioni amwite utingo wake amuulize: maji yanapungua?