Swali la Mzazi Si Ujinga

Kila idadi ya waliochanjwa inaposhuka kijijini, lawama ya kwanza huangukia wananchi: hawana elimu. Siku ya kliniki inaonyesha vingine. Akina mama hutembea mwendo mrefu, mtoto mgongoni na kadi mkononi, kufuata chanjo za polio na surua. Wengi hawawezi kueleza chanjo inavyofanya kazi mwilini, lakini muuguzi wa zahanati wanamjua, na wanamwamini. Wapo pia wanaokosa chanjo kwa sababu mvua imekata barabara na huduma ya mkoba haikufika. Hao hawahitaji mahubiri.

Mashaka makubwa huzuka pale chanjo inapochagua watu. Mwaka 2014 nchini Kenya, kampeni ya pepopunda iliwalenga wanawake wa miaka 14 hadi 49. Maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai kwamba chanjo hiyo imetiwa homoni ya kuharibu uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani zikakanusha. Ila maaskofu waliuliza pia: mbona wanawake tu? Swali hilo lilikuwa halali, na jibu lake lipo. Mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga angali tumboni, akazaliwa salama dhidi ya pepopunda inayoingilia kwenye kitovu. Jibu hilo lilipaswa kutangulia sindano.

Tanzania ina mtihani kama huo katika chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Mzazi ana haki ya kuuliza: kwa nini binti yangu, angali mdogo hivi, tena shuleni? Mbona mbili zimekuwa moja? Aelezwe wazi kwamba kirusi hiki huenezwa kwa kujamiiana, hivyo kinga hutolewa kabla ya umri wa kuanza kujamiiana. Kwamba aina mbili zake, 16 na 18, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Kwamba utafiti umeonyesha dozi moja inakinga vya kutosha. Na kwamba hakuna ushahidi kuwa inaleta ugumba.

Wapo watakaosema maelezo marefu huchelewesha kampeni na kuamsha hofu iliyolala. Siafiki. Hofu hiyo hailali. Inazungumzwa kisimani na kwenye vijiwe, mahali ambapo mtaalamu hayupo. Kampeni ya haraka huokoa siku chache, kisha uvumi ulioachwa nyuma huisubiri kampeni ijayo.

Basi kikao cha kijiji kitangulie sindano. Waitwe akina baba na mabibi, maana mara nyingi neno la mwisho ni lao. Azungumze muuguzi atakayebaki pale gari la kampeni likiondoka, aseme hata kuhusu maumivu ya mkono na homa ndogo. Mzazi aliyejibiwa atamjibu jirani yake, na kazi hiyo hakuna kipaza sauti kinachoiweza.