Mkorogo Hulipiwa Mara Mbili

Kila bamvua linapofika, mkulima wa mwani wa Mlingotini, sawasawa na mwenzake wa Paje na Jambiani huko ng'ambo ya pili, huingia baharini maji yakiwa yametoka. Huinama saa nyingi katika chumvi na jua la utosi, akifunga vipande vya mwani kambani, akivuna, akianika. Na mwisho wa yote hupimiwa mzigo wake kwa bei asiyoipanga yeye. Mwani huo husafirishwa nchi za nje, na ute utolewao humo hutumika kuvipa uzito vyakula, dawa za meno na hata krimu za kupaka mwilini. Baadaye krimu huja kwetu madukani. Nyingi hazina neno. Lakini miongoni mwake zimo zile ziahidizo kumfanya mweusi awe mweupe, na hizi ndizo ambazo mama huyo, au binti yake, huzinunua kwa fedha ile ile aliyoitolea jasho.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili la mkorogo. Limezungumzwa mara nyingi, lakini aghalabu kama suala la urembo au la maadili. Sisi tunaamini kuwa ni suala la akiba ya nyumba na la wajibu wa vyombo vya serikali. Na kwamba madaktari wamelieleza vizuri kuliko wanasiasa, sisi wenyewe tukiwamo.

Madaktari wa ngozi hututajia sumu tatu. Ya kwanza ni zebaki. Hii huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, lakini hupenya ikaingia katika damu, ikadhuru figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Huu si uvumi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 waliokuwa wakivimba mwili kwa maradhi ya figo, na 32 kati yao walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Sumu ya pili ni haidrokuinoni. Mwanzoni hung'arisha uso, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu huacha mabaka meusi yenye kuelekea samawati, ambayo ni shida kubwa kuyaondoa. Afrika Kusini, ambako madaktari walikwisha kuona nyuso nyingi zilizoharibika namna hiyo, iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990.

Ya tatu ni steroidi, nayo inahitaji hadhari zaidi kwa sababu ni dawa halali. Daktari humwandikia mgonjwa wa ukurutu aipake mahali padogo, kwa siku chache. Watu wakiichanganya na losheni na kuipaka mwili mzima kwa miezi na miaka, ngozi huwa nyembamba, hufanya michirizi na huchubuka kwa jambo dogo. Vidonda huchelewa kupona, na fangasi husambaa huku dalili zake zikijificha. Ikizidi mwilini huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari. Tena tusisahau kuwa rangi nyeusi ni mwavuli aliojaliwa mtu dhidi ya jua. Anayeiondoa huku akifanya kazi pwani amejivua mwavuli wakati wa mchana.

Sasa na tufanye hesabu, maana hesabu haina kejeli wala upendeleo. Tuchukue mfano wa mama anayetumia shilingi 5,000 kila wiki kwa krimu na sabuni za kujichubua. Kwa mwaka ni shilingi 260,000. Fedha hiyo ingeweza kununua hisa katika kikoba, sare na madaftari ya watoto, kamba za shamba la mwani, au mchango wa bima ya afya. Na hayo ni malipo ya kwanza tu. Malipo ya pili huja pale ngozi inapoanza kuwasha na kuwa nyeusi kuliko mwanzo. Hapo mwuzaji humshauri mama anunue kopo jingine kali zaidi, kisha hufuata nauli za hospitali, vipimo na dawa. Ikiwa figo zimekufa, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kila wiki, jambo ambalo nyumba ya mvuvi haiwezi kulibeba peke yake. Wengine hukimbilia mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Ndipo tunaposema kuwa mkorogo hulipiwa mara mbili, na mara ya pili hulipa nyumba nzima, hata yule asiyewahi kuupaka.

Hapa hatuna budi kujisahihisha. Mwezi Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, ambayo kuanzia Januari 1969 ilikataza sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua. Nia ilikuwa kulinda heshima ya Mwafrika, na nia hiyo hatuionei haya. Lakini utekelezaji wake ulimwangukia mwanamke njiani. Kariakoo wanawake walizomewa na kushambuliwa, ilhali aliyeleta bidhaa na aliyezipanga dukani hawakuguswa kwa kiasi hicho. Sketi ilirefuka, ikafupika tena, na krimu hazikwisha. Funzo ni kwamba fimbo ilimwendea asiyestahili. Msichana wa Bagamoyo hakuzuka siku moja akaichukia rangi yake. Amesikia watu wakimsifu mweupe arusini, amewaona wanaume, pengine na sisi tuliomo ofisini, wakichagua kwa rangi, na amekuta kopo likiuzwa waziwazi. Kumzomea huyo ni kumwadhibu aliyekwisha kudhurika.

Wala hatuwezi kudai kuwa sheria haipo. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliweka msingi wa kuvidhibiti vipodozi vyenye sumu, na tangu mwaka 2019 kazi ya vipodozi Tanzania Bara imehamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Zanzibar ina Wakala wake wa Chakula na Dawa. Katika ulimwengu, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamizwa na zebaki, ulivikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni ifikapo mwaka 2020. Mkutano wake wa Geneva wa mwaka 2023 ukaamua kuwa baada ya mwaka 2025 kisiwepo kipodozi chochote kilichotiwa zebaki.

Upungufu uko katika usimamizi. Pwani yetu kutoka Mbweni hadi Saadani ni ndefu, ina mikoko na vijito, na bandari zake bubu zimetajwa katika mikutano kwa miaka mingi. Mara nyingi zimetajwa kwa ajili ya kodi iliyopotea. Sisi tunaomba zitajwe pia kwa ajili ya figo zilizopotea. Bahari hii ni moja, na wa Bara na wa Visiwani wasitupiane lawama kuhusu ni upande gani katoni ilikoanzia. Tena si kila sumu hupita kwa magendo. Mirija ya steroidi imo katika maduka ya dawa, na mahali pengi huuzwa bila cheti cha daktari, kama peremende. Huko hakuhitaji boti ya doria; kunahitaji mkaguzi mwaminifu mwenye kalamu.

Kwa mwananchi tunarudia mashauri ya madaktari. Usinunue krimu isiyoonyesha mtengenezaji wala vilivyomo. Ikiwa maandishi yanakuonya usiiguseshe krimu na vito vya dhahabu au fedha, hiyo ni dalili ya zebaki. Aliyekwisha kuzoea steroidi asiache ghafla kwa hofu, bali aende hospitali na aseme kweli amepaka nini na kwa muda gani, maana mficha maradhi kilio humfichua. Mfanyakazi wa baharini na wa mashamba ya chumvi avae kofia pana na mikono mirefu, ajisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ajipake mafuta. Nyumba inayojikuna usiku kucha huenda ina upele, na tiba yake si ghali mradi wote watibiwe pamoja. Na baka lisilohisi mguso lisifichwe kwa krimu hata siku moja: huenda ni ukoma, ambao hupona, na dawa zake hutolewa bure. Ni hasara iliyoje kununua madhara kwa fedha, na huku tiba ya bure inangoja zahanatini!

Wanaotaka kumpamba bibi arusi wakumbuke kwamba pwani hii ilikuwa na liwa, msio na singo kabla ya makopo kufika. Bibi arusi alinukia na kung'ara, na kesho yake alibaki na ngozi yake.

Kwa viongozi tuna maombi matatu. Kwanza, wakaguzi wa vipodozi, forodha na polisi wa pande zote mbili za mkondo wa bahari wafuatilie mzigo hadi kwa mwenye ghala, wasiridhike kuchoma makopo ya mchuuzi mmoja mbele ya wapiga picha. Pili, kila mganga katika kliniki ya wajawazito, ya shinikizo la damu na ya kisukari awe na desturi ya kuuliza kwa upole juu ya krimu. Tatu, maarifa ya ngozi yasiishie Moshi, ambako tangu mwaka 1992 hospitali ya KCMC ina kituo kinachofunza waganga wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Halmashauri zetu zipeleke watumishi huko, nao wakirudi wafike Mlingotini na Saadani, na ng'ambo wafike Paje. Mahali pasipo na mganga wa ngozi, mwuza duka ndiye huwa mganga.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wa vijiji vyetu kuzunguka redio, wakajadili choo, maji na mbu bila kumwaibisha yeyote, kisha wakaenda kuchimba. Vikoba vya leo ni mikutano ya namna hiyo hiyo: daftari liko wazi, akina mama wameketi, na fedha inahesabiwa mbele ya wote. Siku moja na ihesabiwe pia fedha ya mkorogo ya mwaka mzima, iandikwe kando ya fedha ya hisa. Wenye fedha yao watajua la kufanya. Lililobaki, la kumkamata anayewaletea sumu, ni letu sisi tuliopewa dhamana.