Kura ya Kijiji na Kiburi cha Wasomi

Wako wasomi wanaoyajua majina ya marais wa nchi ishirini, na hawalijui jina la mwenyekiti wa mtaa wanaolala. Wakiulizwa sababu, hujibu kwamba mambo makubwa huamuliwa juu, na kwamba uchaguzi wa mtaa, kijiji au wilaya ni shughuli ya watu wasio na kazi. Baadhi yao huongeza hoja ya pili, iliyovikwa vazi la busara: kura haibadili kitu, kwa kuwa wenye nguvu huiiba, huinunua, au humtisha mpigaji. Hoja ya kwanza ni ya kiburi, na ya pili ni ya kukata tamaa. Zote mbili humfikisha mtu mahali pamoja: nyumbani kwake, siku ya kura, amejilaza kitandani.

Hoja za namna hii hazishindwi kwa mahubiri. Hushindwa kwa mfano, tena mfano wa mahali ambapo kila sababu ya kukata tamaa ilikuwapo. Mahali hapo ni wilaya ya Lowndes katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mwaka 1965 ulipoanza, wilaya hiyo ilikuwa na watu wapatao 15,000. Wanne katika kila watano walikuwa Weusi, walakini hapakuwa na Mweusi hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura. Upande wa Weupe, walioandikishwa walikuwa 118 kwa kila 100 waliostahili, yaani daftari lilikuwa na majina mengi kuliko watu. Wengi wa Weusi walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, na aliyewapa shamba ndiye aliyewapa nyumba.

Ni nani aliyewaumiza watu hawa kila siku? Hakuwa rais wa Washington. Alikuwa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, aliyeamua nani akamatwe na nani aachwe. Alikuwa mkadiriaji wa kodi, aliyeamua ardhi ya nani ni ya thamani na ya nani ni ya bure. Ilikuwa bodi ya elimu, iliyoamua mtoto gani asomee darasa bora na mtoto gani asomee kibandani. Mnamo tarehe 6 Agosti 1965 rais alitia saini sheria ya haki ya kupiga kura, na dunia ikashangilia. Siku 14 baadaye, mjini Hayneville, makao makuu ya wilaya hiyo, mwanafunzi wa theolojia aliyeitwa Jonathan Daniels aliuawa kwa bunduki mchana kweupe. Muuaji alikuwa msaidizi wa kujitolea wa sherifu. Baraza la wazee wa mahakama, Weupe watupu, lilimwachilia huru mwezi uliofuata. Wino wa Washington haukuizuia risasi ya Hayneville. Anayesema kwamba mambo yote huamuliwa juu na aieleze siku hiyo.

Walakini watu wa Lowndes hawakuingoja sheria. Tangu Machi 1965 walikuwa wamekwisha unda chama chao cha kutetea haki za binadamu, na mwenyekiti wake alikuwa John Hulett, mzaliwa wa hapo. Vijana wa kamati ya wanafunzi iliyojulikana kwa herufi SNCC, miongoni mwao Stokely Carmichael, walikuja kuwasaidia. Jambo la kutazamwa na kila mwanafunzi ni jinsi walivyokuja. Hawakuja na jukwaa wala kipaza sauti. Walilala katika nyumba za wenyeji, wakatembea mlango kwa mlango, wakaketi barazani, wakasikiliza kabla ya kusema. Walitunga vijitabu vya picha vilivyoeleza sherifu hufanya nini, mkadiriaji wa kodi hufanya nini, na mwananchi amdai nini kila mmoja. Elimu yao waliishusha hata ikaweza kushikwa na mkono wa mkulima. Usomi haukupungua kwa kushuka huko, ulipata kazi.

Gharama ililipwa papo hapo. Wenye mashamba waliwafukuza wakulima waliothubutu kujiandikisha, na familia nzima zikaingia katika mahema kando ya barabara kuu namba 80, katika baridi ya mwisho wa Desemba. Msomi anayesema kwamba foleni ya kituo cha kura ni ndefu angepata faida kwa kuifikiri baridi hiyo.

Ndipo likaja swali la chama. Chama cha Democratic cha Alabama kilitumia nembo ya jogoo mweupe, na hadi mwanzoni mwa 1966 nembo hiyo iliandikwa maneno ya kutukuza utawala wa Weupe. Viongozi wake wa Lowndes waliona Weusi wanakuja, wakapandisha ada ya kugombea kutoka dola 50 hadi dola 500. Watu wa Lowndes hawakubisha hodi katika mlango huo. Sheria ya jimbo iliruhusu chama kuundwa ndani ya wilaya moja, nao wakaunda chao, wakachagua nembo ya chui mweusi. Tarehe 3 Mei 1966 wapiga kura wapatao 900 walikusanyika kanisani wakateua wagombea saba, watu wa kwao, kwa nafasi saba. Alice Moore, aliyewania ukadiriaji wa kodi, alisimamia jambo moja jepesi kueleweka: tajiri atozwe ili maskini ashibe.

Nembo ilikuwa lazima kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Jambo hili si geni Afrika ya Mashariki. Katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 1965 wagombea walitofautishwa kwa jembe na nyumba, na mkulima asiyejua herufi akajua la kufanya. Nembo haikuwa aibu ya mjinga. Ilikuwa heshima ya kumtambua kwamba ana akili ya kuchagua hata kama hakupata bahati ya shule.

Tarehe 8 Novemba 1966 walipiga kura, na wakashindwa katika nafasi zote saba. Hapa ndipo mwenye hoja ya pili hucheka, akasema, hamkuambiwa? Wenye mashamba waliwaleta wafanyakazi wao kwa malori, wakawapa karatasi za kuwaonyesha wamchague nani. Vitisho vilikuwapo, wizi wa uhuru ulikuwapo. Hata hivyo kura zaidi ya 1,600 zilipigwa kwa chui mweusi, mahali ambapo miezi 20 nyuma haikuwapo hata moja. Zilitosha kukifanya kikundi hicho kitambuliwe kisheria kuwa chama. Miaka minne baadaye, mwaka 1970, John Hulett alichaguliwa kuwa sherifu, akakaa katika wadhifa ule zaidi ya miaka 20. Bastola na ufunguo wa jela, vilivyokuwa tisho la watu wake, vilikabidhiwa kwa mtu wao kwa kura zao. Kukata tamaa kuna kosa moja kubwa la hesabu: huhesabu uchaguzi mmoja na kuuita historia.

Walakini haki hudai ukweli wote usemwe. Sherifu mwema hakuleta mkate wa kila nyumba. Ardhi na fedha zilibaki kwa wenyewe, na umaskini haukuondoka Lowndes. Karne nyingine imeingia na bado ziko kaya zisizo na njia salama ya kutoa maji machafu. Udongo mzito wa mfinyanzi hauyanywi, mitambo inayofaa ni ghali, na uchafu husimama nyuma ya nyumba wanapocheza watoto. Mwaka 2023 wizara ya sheria ya Marekani ilifikia mapatano na idara ya afya ya Alabama ili tatizo hilo lishughulikiwe. Mwaka 2025 serikali nyingine ilipoingia Washington, mapatano hayo yalivunjwa. Kilichotoka juu kilirudi juu.

Je, hilo ni ushindi kwa wanaodharau kura ya chini? La, ni hukumu juu yao. Linaonyesha kwamba cheo kilichopatikana bila umoja unaoendelea baada ya siku ya kura ni kama mtumbwi uliosukumwa majini bila kafi. Waliotembea mlango kwa mlango mwaka 1966 walikuwa na kazi ya kutembea tena baada ya 1970, ili sherifu awajibike, na bodi iulizwe, na kodi itazamwe inakwenda wapi. Siku ya kura ni siku ya kuvuna. Wanaojitokeza siku hiyo tu, na wanaotoweka kesho yake, wote ni wakulima wa msimu wa karamu.

Na wasomi wa Tanzania wasijifiche nyuma ya umbali wa Alabama. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Hapo hujadiliwa ardhi, kisima, njia na mchango wa shule. Mkulima huhudhuria akiwa na vumbi la shamba miguuni. Mwanawe aliyesomeshwa kwa jasho hilo hilo, akirudi likizo, huketi chini ya mwembe akijadili mapinduzi ya mabara mengine, na mkutano uko hatua mia kutoka hapo. Huyo si mtu aliyeizidi siasa ya kijiji kwa elimu. Ni mtu ambaye elimu yake haijaivuka hata njia moja ya vumbi.